Kugeuza Trela la Kawaida Libebe Kayaki

Trela dogo la mizigo limeundwa kwa vitu vifupi na vizito: mchanga, saruji, jokofu. Kayaki, ule mtumbwi mdogo wa kupiga kafi, ni kinyume chake, ndefu na nyepesi. Ukiipandisha hivihivi na kuikaza kwa kamba, omo (ncha ya mbele) itachungulia kioo cha nyuma cha gari, tezi (ncha ya nyuma) itaning'inia hewani, na springi zilizotengenezwa kubeba nusu tani zitairusharusha kama bisi kwenye sufuria. Kwa hiyo kazi yote ya kulirekebisha trela ni kushughulikia mambo mawili, urefu na wepesi. Mengine ni bolti na rangi.

Kama una kayaki moja ya kilo 22 na gari lako ni fupi, achana na habari za trela, ibebe juu ya paa. Trela linaanza kulipa pale kayaki zinapofika tatu au nne, au unapokuwa na zile pana za kuvulia samaki zenye kilo 40 na zaidi. Hizo kuziinua hadi juu ya paa ni kuutafutia mgongo balaa.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua hata nati moja

Kayaki za matembezi huwa na urefu wa mita 2.5 hadi 3.7. Za baharini hufika mita 5 na ushei. Chukua iliyo ndefu kuliko zote utakazobeba, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua umbo la trela zima.

Kisha pima trela: kutoka katikati ya kikombe (kile kinacholifunika tufe la chuma nyuma ya gari) hadi kwenye ekseli. Kwenye trela langu ilikuwa mita 2.2. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Uzito wa kayaki uko takribani katikati yake, na tunataka hapo katikati pakae sentimita 10 hivi mbele ya ekseli, yaani mita 2.1 kutoka kwenye tufe. Kayaki ya mita 5.2 ina mita 2.6 kwenda mbele. Toa 2.6 kwenye 2.1: omo inakuwa nusu mita mbele ya tufe, ndani kabisa ya eneo la gari. Ukinyoosha barabara hutaona tatizo. Kona ya kwanza kali, utalisikia.

Omo inatakiwa iwe nyuma ya tufe kwa kiasi gani? Pima kutoka kwenye tufe hadi pembe ya bampa. Gari lenye upana wa sentimita 170 ambalo tufe lake limetokeza sentimita 30 nyuma ya bampa, pembe yake iko sentimita 90 kutoka kwenye tufe. Ukiweka omo mita 1 nyuma ya tufe, trela linaweza kupinda hadi nyuzi 90 bila kitu kugusa kitu. Kwa hesabu hiyo mimi nilipungukiwa mita 1.5, na hakuna ujanja wa kamba unaoweza kuziba pengo la namna hiyo.

Kama hesabu hazikukai, chukua chaki uchore sakafuni: tufe, ekseli, bampa, kayaki. Chora na gari likiwa limepinda. Dakika ishirini za chaki ziliniokoa nisinunue bomba fupi.

Hatua ya 2: Kagua trela lenyewe

Hapa usilale sana, ila usiruke. Gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa kwenye viungo vilivyochomelewa. Penye kutu iliyokula ndani sauti hubadilika, haiwi kali tena. Inua kila gurudumu, lizungushe kwa mkono na lisukume ndani na nje. Likikwaruza au likicheza, beringi zimechoka. Tairi za trela huzeeka kwa miaka kuliko kwa kilomita, hivyo soma tarakimu nne za mwisho za ile namba inayoanzia na DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wenye nyufa ndogondogo usiuhurumie, hata kama kashata zake bado nzima.

Na kabla ya kukata chuma chochote, ulizia sheria za unapoishi kuhusu kubadili mkono wa trela, lile bomba linalotoka kwenye fremu kwenda kwenye gari. Kuna nchi ambako mkono uliobadilishwa lazima ukaguliwe upya kabla ya trela kurudi barabarani.

Hatua ya 3: Refusha mkono

Hii ndiyo kazi yenyewe. Njia ambayo wengi huikimbilia ndiyo mbaya kuliko zote: kukata mkono katikati, kuchomekea kipande, na kuchomelea kuzunguka bomba. Mkono unapopindishwa na mizigo, chuma cha juu kinavutwa na cha chini kinabanwa, au kinyume chake, maelfu ya mara kwa kila safari. Mshono unaozunguka bomba unakaa kukatiza mvutano huo, na pembeni yake chuma kimekwisha kudhoofishwa na moto. Ufa ukianza hapo, hauombi ruhusa.

Kuna njia mbili ninazoziamini.

Ya kwanza ni bomba ndani ya bomba. Bomba la mraba la milimita 60 kwa 60 lenye unene wa 4 lina uwazi wa 52 ndani, kwa hiyo la 50 kwa 50 huingia na kubakiza milimita 1 kila upande. Ila kuna jambo moja hakuna aliyeniambia: mabomba mengi ya mraba yana mshono wa kiwandani unaotokeza kwa ndani kama mshipa. Nilipambana na bomba langu asubuhi nzima nikidhani nimeuziwa kipimo kibovu, hadi nilipoingiza kidole na kuugusa. Tupa ndefu na uvumilivu, basi. Acha mabomba yaingiliane angalau sentimita 60, uyafunge kwa bolti mbili za milimita 12 zenye alama ya 8.8 kichwani, kila moja karibu na mwisho wa sehemu iliyoingiliana. Uzuri wa njia hii ni kwamba ukifika nyumbani unachomoa bolti, unarudisha bomba ndani, na trela linaingia sehemu yake ya kawaida.

Matundu ya bolti yapite ubavuni, katikati ya kimo cha bomba, si juu kwenda chini. Juu na chini ndiko nguvu ya kupinda inakofanya kazi, na tundu hapo ni kama kuchanja kuni ili ivunjike vizuri. Ndani ya bomba la ndani weka kipande cha bomba la duara ambamo bolti itapita, vinginevyo ukikaza nati utalibonyeza bomba kama kopo.

Njia ya pili, na ndiyo niliyoishia nayo, ni kuweka mkono mpya mzima: bomba moja refu linalopita chini ya fremu hadi kwenye boriti iliyo karibu na ekseli, likifungwa kwa bolti na mabamba sehemu mbili au tatu. Mkono ukirefushwa, nguvu ya kuupinda pale unapotoka kwenye fremu huongezeka kwa kadiri hiyohiyo, kwa hiyo ni pale penye kuhitaji msaada. Bomba linalokwenda hadi nyuma linagawa mzigo. Mimi nilitumia lile la 60 kwa 60 lenye unene wa 4 kwa trela ambalo, likipakiwa, halifiki kilo 300. Trela zito kuliko hilo mpelekee fundi anayepiga hesabu za chuma, si yule anayekuambia "hili bomba ni gumu, usijali".

Hatua ya 4: Nguzo na boriti

Kayaki inalazwa juu ya boriti mbili za kukingama. Umbali kati ya boriti uwe karibu nusu ya urefu wa kayaki. Kwa ile ya mita 5.2, mita 2.5 hivi. Boriti zikikaribiana sana kayaki inakuwa bembea. Kayaki za baharini zina kuta ndani zinazotenga vyumba vya mizigo, na boriti ikiangukia chini ya ukuta huo ni bora zaidi, maana hapo ganda lina mbavu.

Mara nyingi bodi ya trela ni fupi kuliko umbali huo, kwa hiyo boriti ya mbele itasimama kwenye nguzo iliyofungwa juu ya mkono mpya. Ni jambo zuri, linaleta uzito mbele kidogo.

Usizipandishe nguzo juu kupita mahitaji. Wapo wanaopandisha boriti hadi omo ipite juu ya paa la gari, wakakwepa kurefusha mkono. Inafanya kazi kwa magari mafupi, lakini trela jembamba lenye mzigo juu huyumba kwenye upepo na kona. Mimi naweka boriti kwenye kimo cha kiuno: mzigo uko chini, na hakuna anayeinua kayaki juu ya kifua.

Kila nguzo iwekewe mshazari wa kuizuia isilale mbele au nyuma. Nguzo zangu za kwanza zilikuwa wima tu, zimechomelewa miguuni, zikionekana imara kabisa uani. Breki ya kwanza ya maana, kayaki nne zikataka kuendelea na safari, na nguzo zikainama mbele kama watu wanaosujudu. Hazikuvunjika, lakini hazikusimama wima tena.

Upana wa boriti unategemea unavyozilaza kayaki. Zikilala kifudifudi kila moja inakula sentimita 60 hadi 80. Zikisimama ubavu, sentimita 40 zinatosha, na nne zinaingia kwenye boriti ya mita 1.6 zikiegemea nguzo ya katikati. Plastiki inastahimili kulala ubavu kuliko kulala kwa tumbo, kwa sababu jua likiilainisha, tumbo hubonyea mahali pa boriti na kuacha shimo utakalolisikia majini. Kayaki za nyuzi za kioo zinahitaji malazi yaliyochongwa kufuata umbo lake.

Kwa malazi tumia sponji ngumu isiyonyonya maji, ile ambayo vitundu vyake vya hewa vimefungwa. Zulia kuukuu linafaa kwa siku za kiangazi. Likilowa linakaa na mchanga, na mchanga ni msasa.

Hatua ya 5: Wepesi

Ukivuta trela hili tupu utasikia linavyorukaruka, na kayaki nne za kilo 25 hazibadilishi mengi. Springi za mabamba zenye mabamba matatu au manne zinaweza kupunguzwa bamba moja, kamwe si lile kuu lenye macho ya kufungia pande mbili. Ukifanya hivyo uwezo wa trela umeshuka, na uandike hivyo mahali panapoonekana, kwa sababu kuna siku jirani ataliazima kubebea matofali.

Binafsi napendelea kuongeza uzito mahali pazuri kuliko kupunguza springi. Tengeneza sanduku la mbao sakafuni, juu ya ekseli, uweke humo makafi, jaketi za kuokolea, kamba, vifuniko na ndoo. Mwendo unatulia papo hapo, na ndani ya gari hakunuki tena soksi mbichi. Upepo wa tairi pia una sehemu yake. Ile namba iliyo ubavuni ni ya mzigo wa juu kabisa. Kwa mzigo mwepesi unaweza kushusha kufuata jedwali la mtengenezaji, ila usiende chini yake, maana tairi laini huchemka.

Hatua ya 6: Pakia na upime kichwa

Funga trela kwenye gari kwanza. Nasema kwanza kwa sababu trela la namna hii, likiwa halijashikwa, hubinuka mara tu unapoweka kayaki mbili upande wa nyuma.

Weka nzito chini au katikati, ukipokezana kushoto na kulia. Kayaki za kuvulia zivuliwe viti na betri. Mwaga maji yote. Lita moja ni kilo moja, na lita ishirini zilizobaki ndani ya kayaki iliyolala chali hukimbilia tezi unapopanda mlima na kurudi omo unapoteremka.

Sasa uzito wa kichwa, yaani ule ambao kikombe kinauweka juu ya tufe. Lenga karibu asilimia 10 ya uzito wote. Trela langu na nguzo zake, sanduku na kayaki vinafika kilo 285, hivyo natafuta kilo 28 hivi. Kitabu cha gari kitakuambia kiwango cha juu ambacho tufe linaruhusiwa kubeba, usikipite. Kupima hakuhitaji kifaa maalumu: zuia magurudumu, weka mizani ya bafuni chini ya kikombe juu ya matofali au gogo hadi kikombe kiwe kwenye kimo chake cha kawaida cha tufe, kisha soma. Kikiwa chepesi, sogeza kayaki mbele kwa sentimita tano tano na upime tena. Ukishapata, piga alama ya rangi kwenye kayaki na kwenye boriti ili usirudie hesabu kila Jumamosi.

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoumiza. Safari yangu ya pili nilitupia nyuma ya trela tairi la akiba, jokofu la barafu na mahema yaliyolowa. Kwenye kilomita 80 kwa saa, mteremkoni, trela likaanza kutikisa mkia, kwanza taratibu, halafu likalishika gari zima. Likikukuta hilo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na uache mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki kwa hofu, usijaribu kufuata mayumbo kwa usukani, wala usimsikilize anayesema uongeze mwendo.

Hatua ya 7: Kufunga

Mikanda ya milimita 25 yenye bizimu ya kubana inatosha. Ya racheti, ile inayokazwa kwa mpini na meno ya chuma, niliiacha baada ya kuiona ikikunja plastiki yenye joto bila mkono wangu kuhisi chochote. Racheti haikuambii imetosha lini. Pitisha mkanda chini ya boriti, si kuzunguka sponji tu, na weka kitambaa chini ya bizimu. Usongoe mkanda mara moja au mbili kabla ya kuukaza, la sivyo upepo utaupigia zumari njia nzima. Nailoni hunyumbuka inapolowa, kwa hiyo chagua poliesta.

Omo na tezi zifungwe kwa kamba, zikifungwa kwenye trela, kamwe si kwenye gari: trela na gari vinapinda, kamba haipindi. Zikaze kiasi cha kuzuia kuyumba tu. Nimeona kayaki iliyokazwa ncha zote mbili hadi ikawa ndizi, na ilibaki hivyo.

Hatua ya 8: Taa, minyororo, kitambaa chekundu

Mkono umerefuka, basi na waya zirefushwe. Usitegemee chuma cha trela na kikombe kurudisha umeme. Vuta waya wa hasi hadi kwenye kila taa. Ukiwasha indiketa na taa nyingine zikaanza kukonyeza pamoja nayo, hilo ni tatizo la hasi, usipoteze muda kubadilisha balbu. Acha waya ulegee kidogo karibu na plagi ili usikatike kwenye kona.

Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono kwa umbo la X. Kikombe kikichomoka, mkono unaangukia kwenye kitanda cha minyororo badala ya kuchimba lami.

Tezi ya kayaki ya mita 5.2 itazidi bodi ya trela kwa mita moja na nusu. Funga kitambaa chekundu chenye kuonekana, na usiku taa nyekundu, huko nchani kabisa. Kiwango kinachoruhusiwa kutokeza hutofautiana kwa kila nchi, na huenda ukalazimika kuhamishia ubao wa taa na namba kwenye tezi yenyewe.

Hatua ya 9: Safari ya majaribio

Anza kwenye uwanja mtupu. Kata kona kali kabisa upande mmoja, halafu mwingine, mtu akiwa amesimama pembeni akiangalia omo na bampa. Ukirudi nyuma utafurahi: trela lenye mkono mrefu hujibu taratibu, halina pupa kama lile fupi. Lakini barabarani hukata kona kwa ndani zaidi, kwa hiyo zunguka kwa upana, na ukumbuke kuwa unapopinda kulia tezi inasogea kushoto, ikifagia chochote kilichosimama kando yako.

Baada ya kilomita 10 simama ukaze mikanda, maana sponji itakuwa imelala. Gusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono hapo, beringi inalia grisi. Baada ya kilomita 50 rudi na spana kwenye nati za magurudumu na bolti zote za mkono mpya. Mimi nilipiga mstari wa rangi kwenye kila nati na bamba lake. Siku hizi nauangalia tu mstari, kama haujavunjika naendelea.

Kayaki zinafika majini kwa kubebwa, hivyo trela halina sababu ya kuingia kwenye maji. Liache juu pakavu. Ukilazimika kulishusha, chomoa plagi ya taa na usubiri vitovu vipoe kwanza, kwa sababu kitovu cha moto kikizamishwa ghafla hufyonza maji kupitia sili, na chumvi ikishaingia kwenye beringi utaijua safari ya tatu.